Kufufua Kiti cha Kale cha Mbao ya Kupinda Katika Hewa ya Lamu

Kiti kinachozungumzwa hapa ni kile chepesi chenye mgongo wa pinde mbili, moja ndani ya nyingine, kikalio cha duara kilichosukwa kwa henzerani, na miguu isiyo na pembe hata moja. Michael Thonet, Mjerumani aliyehamia Vienna, alikitoa mwaka 1859 na kukipa namba 14. Hataza yake, yaani haki ya kukitengeneza peke yake, ilipokwisha mwaka 1869, viwanda vingine kama J. & J. Kohn na Mundus vikaingia kwenye biashara hiyo hiyo, na viti vikasafirishwa duniani kote vikiwa vimefunguliwa: viti 36 vilienea ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Wabunifu wa usasa waliokuja baadaye walivipenda kwa sababu havina pambo lolote. Msanifu majengo Le Corbusier alitumia viti vya mikono vya Thonet katika banda lake kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1925.

Ukikikuta kiti cha aina hii katika nyumba ya kale ya Lamu au Malindi, mara nyingi kitakuwa kimelegea, kimepakwa rangi ya mafuta mara tatu nne, kikalio kimetoboka na kuzibwa kwa ubao, na miguu imepigiliwa misumari. Usikate tamaa. Kiti kizima kina vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na bolti 2 zenye nati, basi. Kimebuniwa kifunguliwe na kukazwa upya. Thonet alianza kwa kupinda vipande vyembamba vilivyogundishwa pamoja, lakini gundi ya zama zake haikustahimili unyevu wa safari za bahari na nchi za joto, ndipo akaanza kupinda mti mzima kwa mvuke na kuviunga vipande kwa skrubu. Kwa hiyo fundi anayefunga viungo vya kiti hiki kwa gundi ya epoksi anakinyima kitu kile kile kilichokifanya kifae pwani. Kazi yote iliyoelezwa hapa inalenga kukirudishia kiti uwezo wake wa kufunguka.

Kabla ya kugusa chochote

Pindua kiti utazame chini. Ndani ya ukingo wa duara la kikalio ndipo palipogongwa muhuri wa moto au palipobandikwa karatasi ya kiwanda: THONET, J. & J. KOHN, MUNDUS. Piga picha, kisha funika alama hiyo kwa tepu ya karatasi na usipitishe msasa hapo hadi mwisho wa kazi. Muhuri uliopotea haurudi, na thamani ya kiti hushuka nao.

Tazama na skrubu. Zenye mfereji mmoja kichwani huenda ni za asili. Zenye alama ya msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye kiti cha zamani zaidi ya hapo ujue kimeshapita mikononi mwa fundi mwingine, na tundu zake pengine zimepanuliwa.

Mbao ya asili ni biichi, mti wa Ulaya. Kwaruza sehemu iliyofichika utaona rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo, na vidoa vidogo vya kahawia vyenye urefu wa milimita moja au mbili vikiufuata uzi wa mti. Biichi ni ngumu na hupindika vizuri, ila haina kinga yoyote ya asili dhidi ya wadudu wala uozo. Usiilinganishe na mbambakofi au msaji. Mlango wa mbambakofi huvumilia kupuuzwa. Mguu wa biichi uliosimama kwenye sakafu yenye unyevu huliwa na mchwa kuanzia chini, na nje usione kitu. Bonyeza nyayo zote nne kwa ncha ya kisu. Ikizama bila kupingwa, mguu huo umekwisha ndani.

Kufungua

Andika namba kwa penseli kwenye kila kipande na kwenye tundu lake, mahali pasipoonekana: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, pete ya chini ielekee wapi. Vipande vinafanana kwa macho lakini kila kimoja kimekaa na mwenzake miaka mingi na kimeshachukua umbo lake.

Anza na pete ya chini, ile inayoshika miguu minne kwa ndani. Fuata upinde wa ndani wa egemeo, kisha zile bolti mbili zinazofunga upinde mkubwa kwenye duara la kikalio. Upinde mkubwa ni mti mmoja unaoanzia unyayo wa nyuma wa kulia, unapanda, unazunguka juu na kushuka hadi unyayo wa kushoto. Miguu ya mbele toa mwisho. Kwenye viti vingine ulimi wa mguu, ile ncha inayoingia kwenye tundu la kikalio, umechongwa hesi, kwa hiyo jaribu kuuzungusha kabla ya kuuvuta. Ukikataa, funga kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto kuzunguka kiungo kwa dakika 10 hivi. Gundi ya zamani ilichemshwa kwa ngozi na mifupa, na hulegea kwa joto na maji.

Skrubu zilizoshikwa na kutu ndipo kazi nyingi huharibika. Chumvi ya bahari hufanya kutu ivimbe ndani ya tundu, na skrubu ikalazimishwa hukatika shingo. Safisha kwanza mfereji wa kichwa kwa ncha ya msumeno wa chuma hadi bisibisi ikae bila kucheza. Bisibisi iwe na upana sawa na mfereji. Iliyo nyembamba huutafuna. Kisha pasha kichwa cha skrubu kwa pasi ya kulehemu kwa dakika moja au mbili. Chuma kinatanuka, kutu inapasuka, na gundi au rangi iliyoingia hulainika. Ikipoa kidogo, jaribu kwanza kuikaza kidogo tu, halafu ndiyo uifungue. Ule mkazo mdogo huvunja mshiko wa kutu kuliko kuing'ang'aniza kwa nyuma.

Ikikatika, usichimbe kwa patasi. Tumia kineli chembamba cha chuma chenye meno mdomoni, upana wake ukizidi skrubu kidogo tu. Kizungushe kuzunguka kipande kilichobaki, kitoe na kijigogo chake, kisha uzibe tundu kwa namna itakayoelezwa mbele.

Wadudu

Vitundu vya milimita moja au mbili vyenye unga mweupe unaomwagika ni dalili ya wadudu walio hai. Vitundu vyenye vumbi jeusi lililoganda huenda ni vya zamani. Kujua kwa hakika, weka vipande juu ya karatasi nyeusi kwa wiki mbili, kisha utazame kama kuna unga mpya.

Njia safi kabisa ni baridi, na kwa bahati vipande vya kiti hiki, vikishafunguliwa, vingi huingia kwenye friza kubwa ya samaki. Vifunge ndani ya plastiki nene, uzibe kwa tepu hewa isiingie, uviache kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukivitoa, usifungue plastiki kwa saa 24. Umande utaganda juu ya plastiki badala ya kuganda juu ya mbao. Upinde mkubwa usioingia kwenye friza upakwe dawa ya boraksi mara mbili au tatu, baada ya rangi ya zamani kutoka, maana boraksi haipenyi rangi.

Mafuta ya taa na oili chafu ya injini viache kwa nguzo za ua. Mafuta ya taa huua wadudu wachache wa juu kisha huruka, na oili haitoki tena: gundi haitashika, shelaki (ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) haitakauka, na mwenye kanzu nyeupe ataondoka na doa. Hata sifa, yale mafuta ya papa ambayo majahazi yamepakwa tangu zamani, si ya kiti cha sebuleni. Harufu yake haiishi na uso wa mbao hubaki unanata.

Kutoa rangi na vanishi

Chovya pamba kwenye spiriti, uguse mahali palipofichika kwa sekunde 30. Uso ukinata, ni shelaki, nayo ndiyo rangi ya asili ya viti hivi. Basi huhitaji kutoa kitu: osha kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uchafu utoke, na ile sura ya umri ibaki. Tunasisitiza hili kwa sababu fundi wengi hukimbilia mashine ya msasa na kukirudisha kiti cha miaka 120 kuwa cheupe kama cha jana. Biichi ikichakatwa hivyo hupoteza rangi ya asali iliyoichukua kwa umri, na mihuri, kingo na unene wa vipande vyote huliwa pamoja.

Rangi ya mafuta iliyopakwa juu inatoka kwa dawa ya kutolea rangi ya majimaji mazito. Paka, funika kwa plastiki nusu saa, kwangua kwa kijiti cha mbao au kipande cha kifuu kilicholainishwa ukingo, maana chuma huchana mviringo. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi, kwa hiyo usizipige msasa zikiwa kavu, na mabaki usiyamwage kwenye mtaro unaoshuka pwani. Usizamishe kiti kwenye pipa la kostiki soda hata ukiambiwa ni haraka. Huifanya biichi kuwa nyeusi yenye kijivu, hufungua kila gundi, na chumvi zake hubaki ndani ya mbao zikitoka kidogo kidogo kuharibu rangi mpya.

Baada ya hapo, msasa namba 180 kisha 240, kwa mkono, ukifuata uzi wa mbao. Inatosha. Sufi ya chuma iache, kwa sababu nyuzi zake hukatikia ndani ya vinyweleo vya mbao na kwa hewa yetu ndani ya mwezi mmoja zitakuwa vidoa vya kutu. Madoa meusi ya kutu yaliyokwishaingia hutoka kwa asidi ya oksaliki, gramu 80 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto. Paka sehemu nzima na si doa peke yake, acha ikauke, suuza mara tatu kwa maji safi. Vaa glavu na barakoa, kwa sababu ni sumu na unga wake mkavu unaumiza mapafu.

Tundu za skrubu zilizokwisha

Hapa ndipo kiti hushika au hulegea tena baada ya miezi sita, kwa hiyo twende taratibu. Njia ya mkato inayojulikana ni kujaza njiti za kiberiti na gundi, au unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Zote mbili hushika siku ya kwanza. Unga na gundi huwa kama keki, hauna uzi, na skrubu ikitikiswa huusaga.

Toboa tundu bovu kwa biti ya milimita 8, kina cha milimita 20, kwenye mguu wenye unene wa milimita 28 hadi 30. Sasa chonga kizibo. Wengi hukata kipande cha fimbo ya duara na kukigonga ndani, na hilo ndilo kosa. Uzi wa fimbo hiyo unaelekea sawa na skrubu, kwa hiyo skrubu inaingia kwenye kichwa cha uzi, mahali ambapo mbao haina nguvu ya kushika. Kata kizibo kutoka ubavuni mwa ubao, ili uzi wake uende sambamba na uzi wa mguu. Kwa namna hiyo skrubu inaukata uzi kwa mkingamo kama ilivyokuwa kiwandani. Mabaki ya mguu mbovu wa kiti kingine cha aina hii ndiyo mbao bora kwa vizibo. Usipoyapata, mwembe mkavu hukaribia kwa rangi. Ukitumia msaji, ufute kwanza kwa asetoni, kwa kuwa mafuta yake hukataa gundi.

Gundisha, acha siku nzima, kata sawasawa, kisha toboa tundu la mwongozo: milimita 3 kwa skrubu ya milimita 4. Tundu la pete ya chini liwe milimita 4.5 ili skrubu ipite bila kushika na ivute viwili pamoja. Urefu wa skrubu pima, usikisie: unene wa pete pamoja na theluthi mbili za unene wa mguu. Pete ikiwa milimita 20 na mguu 28, skrubu ya milimita 38 inatosha. Ndefu zaidi ya hapo hutokeza upande wa pili au huupasua mguu. Nene zaidi ya ile ya asili vilevile huupasua, hata kama leo inaonekana imekaza.

Kwa hewa ya bahari tumia skrubu za shaba ya njano. Chuma kilichopakwa zinki huanza kutoa kutu mapema kuliko unavyodhani. Shaba ni laini, kwa hiyo tangulia na skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho ikate njia, itoe, halafu ingiza ya shaba iliyosuguliwa kwenye nta ya mshumaa.

Ulimi wa mguu wa mbele ukicheza kwenye tundu lake, uondolee gundi ya zamani yote kwa maji ya uvuguvugu, uzungushie ukanda mwembamba wa maranda uliotoka kwenye randa kali, ugundishe, uache ukauke, ndipo ujaribu tena. Hapa gundi inaruhusiwa, na iwe ya ngozi au gundi nyeupe ya mbao. Kazi ya kugundisha fanya kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Adhuhuri ya kaskazi gundi hukauka juu kabla hujamaliza kubana.

Upinde uliopasuka

Mbao iliyolainishwa kwa mvuke hukubali kubanwa sana lakini kuvutwa hukubali kidogo mno. Ndiyo maana viwanda vilifunga ukanda wa chuma upande wa nje wa mkunjo kabla ya kupinda, na ndiyo maana nyufa nyingi za viti hivi huanzia nje ya mkunjo na kufuata uzi. Ufa wa namna hiyo unatibika vizuri. Ufungue kidogo kwa kabari nyembamba, peperusha vumbi, ingiza gundi kwa sindano ya mililita 5, toa kabari, kisha uzungushie kwa nguvu ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya pikipiki. Mpira hubana mviringo kila upande kwa usawa, jambo ambalo jiliwa haiwezi. Weka karatasi ya plastiki chini ya mpira usigande. Acha saa 24, au 48 wakati wa masika.

Mguu ulioliwa chini hukatwa hadi kwenye mbao nzima na kuunganishwa kwa mshazari mrefu, mara 8 ya unene: mguu wa milimita 28 unahitaji mshazari usiopungua milimita 224. Mshazari mfupi unavunjika pale pale. Kama kipande kinachokosekana kimepinda, usiharakishe kuchemsha mbao mpya. Fanya kama wanavyofanya mafundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni wanapotafuta mataruma, yaani mbavu za chombo: chagua mti ambao uzi wake umepinda wenyewe, uchonge kwa kufuata mkunjo huo. Kwa kiraka kifupi njia hiyo ni imara kuliko mvuke wa jikoni. Ukilazimika kutumia mvuke, hesabu saa moja kwa kila milimita 25 za unene, na uwe na ukanda wa chuma na kalibu tayari, kwa sababu mbao ikitoka huna zaidi ya dakika moja.

Kusuka kikalio

Kwanza tambua aina. Kikalio chenye tundu ndogo kuzunguka ukingo husukwa kwa mkono. Chenye mfereji mmoja unaozunguka huwekwa mkeka wa henzerani uliosukwa tayari. Henzerani agiza Mombasa au Nairobi, na upana wake utokane na tundu za kiti chako. Tundu za milimita 5 zilizoachana milimita 12 au 13 kutoka kati hadi kati zinataka henzerani ya milimita 2.25; zilizoachana 16, henzerani ya 2.5, tundu za milimita 6 zilizoachana 19, henzerani ya 3. Ukitumia nene kupita kiasi, hatua ya sita haitapita kwenye tundu. Kikalio kimoja hula mita 75 hivi, pamoja na ukanda mpana kidogo wa kufunika tundu mwishoni.

Kata kikalio cha zamani kwa kisu, ukihifadhi kipande kama kielelezo. Tundu zilizoziba zisukume kutoka chini kwa msumari butu. Ukitumia keekee, biti huteleza na kuunganisha tundu mbili, na ukingo uliokatika hauvumilii mvuto wa henzerani.

Loweka henzerani kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, mita chache kwa wakati. Ikikaa muda mrefu huwa nyeusi na dhaifu. Pitisha kidole ukitafuta vifundo: upande mmoja hupita laini, mwingine hukwama. Vuta kila mara upande wa laini, na uso unaong'aa uwe juu.

Hatua ya kwanza, kutoka nyuma kwenda mbele. Hesabu tundu, tafuta ya katikati nyuma na ya katikati mbele, chomeka chango za mwanzi. Pitisha henzerani nusu ya urefu wake kwenye tundu la nyuma, peleka mbele, shuka, panda tundu la jirani, rudi. Kwenye duara utalazimika kuruka tundu pembeni ili mistari ibaki sambamba. Usambamba ndio unaotawala, tundu hufuata. Usiivute ikalia kama uzi wa udi. Iache ibonyee kidogo, kwani kila hatua inayokuja huikaza.

Hatua ya pili, kulia kwenda kushoto, ukilaza tu juu ya ya kwanza. Ya tatu, tena nyuma kwenda mbele kwenye tundu zile zile, juu ya zote, ikisogea kidogo kulia kwa ile ya kwanza. Ya nne ndipo kusuka kunapoanza: kulia kwenda kushoto, juu ya uzi wa hatua ya tatu na chini ya uzi wa hatua ya kwanza, jozi baada ya jozi. Nyunyizia maji kutoka chini. Ukimaliza utakuwa na miraba ya jozi zilizoshikana. Zinyooshe kwa chango mbili kabla hazijakauka, kwa sababu mishazari haitakaa kwenye miraba iliyopinda.

Ya tano ni mshazari: juu ya jozi za nyuma-mbele, chini ya jozi za kulia-kushoto. Ya sita ni mshazari wa pili, na kanuni yake ni kinyume. Hapa kiti chenyewe kitakueleza kama umekosea. Mshazari ulio sahihi huteleza kwenye kona ya mraba na kupotelea humo. Uliokosewa huparuza kingo na kujikunja kila unapouvuta. Usiendelee ukidhani utanyooka. Rudi hadi ulipokosea, kwani baada ya wiki chache za kukaliwa henzerani itakatika papo hapo. Mwisho laza ule ukanda mpana juu ya tundu na uushone kwa henzerani nyembamba, tundu moja ndiyo moja siyo. Ncha zote fungia chini, mara mbili kuzunguka uzi wa jirani, zikiwa na unyevu.

Kwa kikalio cha mfereji, chimbua kigwe cha zamani, kile kinachobana mkeka ndani ya mfereji, kwa patasi nyembamba, loweka mkeka nusu saa, uzidishe sentimita 3 nje ya mfereji kila upande, usukume ndani kwa kabari ya mbao isiyo na ncha, anza nyuma, kisha mbele, kisha kulia na kushoto. Tia gundi nyeupe, gonga kigwe kipya, kata kilichozidi. Ukikauka utakaza wenyewe.

Usipopata henzerani, kigwe cha pamba kama cha viti vya enzi vya Lamu kinafaa, maana mafundi wa hapa wamekisuka vizazi na vizazi na tundu za kiti haziharibiki. Kipake nta na ukivute zaidi, kwa kuwa pamba hulegea. Ukindu na miyaa haifai: hukatika ukingoni mwa tundu.

Kupaka na kuunga

Shelaki ndiyo chaguo letu. Yeyusha gramu 120 za magamba kwa lita ya spiriti kwa kupaka mara mbili za kwanza, na gramu 240 kwa mara inayofuata. Yeyusha ya kutosha kazi ya sasa, maana ikikaa zaidi ya miezi sita huacha kukauka. Pakia kwa kitambaa cha pamba kilichoviringwa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku kavu. Spiriti inaporuka hupoza uso wa mbao, na hewa yenye unyevu huganda hapo, ndiyo ule ukungu mweupe wanaoulalamikia watu. Ukitokea, futa kwa spiriti kidogo siku kavu nao utapotea. Nyayo zote nne zizamishe kwenye shelaki hadi zikatae kunywa. Henzerani usiipake chochote juu wala chini, la sivyo hutaweza kuilowesha tena.

Kuunga, anza na duara la kikalio juu ya blanketi, miguu ya mbele, bolti za nyuma, upinde wa ndani, pete ya chini, vyote vikiwa vimeshikwa tu. Simamisha kiti juu ya kioo kinene au plaiwudi iliyonyooka, kwa sababu sakafu za chokaa za nyumba za kale hazijanyooka na zitakudanganya. Mtu akikalie, halafu kaza skrubu kwa zamu, kulia nyuma, kushoto mbele, robo ya mzunguko kila mara. Kiti kikiyumba, legeza zote uanze upya. Usikate mguu. Karibu kila mara kuyumba kunatoka kwenye skrubu iliyokazwa kabla ya wenzake, na mguu uliokatwa leo utaonekana mfupi mara tu skrubu hiyo itakapolegezwa.

Henzerani ikilegea baada ya miezi bila kukatika, lowesha upande wa chini kwa kitambaa cha maji ya moto jioni, iache usiku kucha, nayo itarudi. Skrubu na bolti zikague mara mbili kwa mwaka, kaskazi inapoingia na kusi inapoanza, kwa kuwa mbao hupungua na kuvimba kwa pepo hizo mbili. Zikaze hadi kiungo kifunge, usizidishe hata robo ya mzunguko.